Nani Alipe Kabla ya Mvua? Mjadala wa Kamituga

Ijumaa tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha Kamituga. Maji yaliingia katika mashimo ya dhahabu ya mahali panapoitwa Detroit, na vijana waliokuwa chini wakafunikwa humo. Tangazo la serikali ya jimbo la Kivu Kusini lilitaja vifo vipatavyo 50. Meya alitangaza siku mbili za maombolezo, kisha akawaomba wakazi wajitokeze kusaidia kutoa miili.

Ombi hilo la meya ndilo lililonipa mada. Mji ambao dhahabu yake inauzwa tangu enzi za Wabelgiji ulipopatwa na msiba, ulichokuwa nacho karibu ni mikono mitupu ya majirani. Katika nchi zenye vinu vya nyuklia, jambo hili limejadiliwa kwa miongo na kutungiwa sheria: mji unaokaa jirani na hatari ambayo wengine wanaifaidi, nani aulipie king'ora, machela, mafunzo na gari la wagonjwa? Kamituga haina kinu. Ina maelfu ya watu wanaoingia ardhini kila siku, kilomita 180 hivi kutoka Bukavu, kwa barabara ambayo mvua ikikolea malori hulala ndani yake.

Sauti zinazofuata nimezitunga mimi, kutokana na hoja za watu wa kada zao. Msomaji asimtafute mtu fulani ndani yake. Sheria, miaka na matukio wanayoyataja si ya kutungwa.

MWANASHERIA: Fedha ipo, tena imeandikwa. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kanuni ya Madini ya 2002, inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta au uchifu ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa dhahabu, mrabaha wenyewe ni asilimia 3.5. Juu ya hapo kampuni inatakiwa itenge walau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Kamituga ni mji, ina meya. Idai asilimia 15 yake, inunue ambulansi.

PDG: Asilimia 15 ya nini, Maître? Mrabaha hulipwa na mwenye kibali cha viwanda anayezalisha. Kampuni ya Banro ya Canada ilijenga kiwanda Twangiza, ikajenga Namoya. Hapa ilishika karatasi tu. Dhahabu ya Kamituga inatolewa na sisi, kwa tindo, nyundo na mapampu ya kukodi. Kwa hiyo asilimia 15 ya sifuri naijua bila kusoma sheria. Iliyobaki ni ile Ibara ya 15 ya utani wetu Wakongo: kila mtu ajitafutie.

(Kwa msomaji wa mbali: Kamituga mwenye shimo, yule anayetoa mtaji wa kuchimba na kuajiri vijana, huitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa. Wapo PDG ambao mali yao yote ni shimo moja na madeni.)

MWANASHERIA: Na kwa nini huna kibali? Kuna maeneo ya uchimbaji mdogo yanayotengwa kisheria, kuna ushirika, kuna kadi ya mchimbaji.

PDG: Eneo litengwe wapi, wakati mlima umo ndani ya kibali cha mwingine? Hapo ndipo mnapotufunga, halafu mnashangaa mashimo yetu hayana miti ya kutosha ya kushikilia kuta. Mtu aliye juu ya ardhi ambayo kesho anaweza kufukuzwa hawezi kuweka mtaji wa pampu nzuri. Benki haimkopeshi. Bima haimjui. Mnasema tusizidi mita 30 kwenda chini. Mwamba wa dhahabu haukusoma kanuni hiyo.

MZEE WA SOMINKI: Acheni kwanza niseme, maana nyote wawili mlizaliwa mimi nikiwa kazini. SOMINKI iliundwa 1976 kwa kuunganisha kampuni za Wabelgiji. Hapa tulikuwa na mgodi wa chini ya ardhi, Mobale. Kampuni ilikuwa na hospitali, shule, umeme wa maporomoko ya maji. Kabla ya zamu kushuka ilijulikana nani anaingia, na jioni ilijulikana nani hajatoka. Sisemi walitupenda. Walitulipa kidogo. Lakini hatari ilikuwa na mwenyewe. Miaka ya 1990 bei zikashuka, vita vikaja, kampuni ikafa na hesabu zake. Mashimo hayakufa. Wajukuu zangu wameingia katika njia zile zile tulizoziacha, bila taa zetu wala orodha yetu.

MWANAFUNZI: Mzee amegusa penyewe. Mimi nasoma fizikia Kinshasa, juu ya kilima ambacho Wabelgiji waliweka kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, TRICO I, mwaka 1959. Kilikuwa kinu kidogo cha utafiti. Ndugu yake, TRICO II, kiliwashwa 1972 na kimezimwa tangu 2004, lakini kuzimwa hakukuondoa haja ya kulinda vilivyomo. Marekani wamelijua hili kwa gharama. Baada ya ajali ya Three Mile Island ya Machi 1979, kinu kikubwa hakipewi leseni bila mpango wa kuwaokoa watu walio ndani ya maili 10, yaani kilomita 16. Mwenye kinu huchangia: ving'ora, redio, mazoezi ya wazima moto. Inapendeza. Sasa tazama Vermont Yankee. Kilifungwa Desemba 2014. Aprili 2016 ukanda wa dharura ukafutwa, na fedha ya kampuni kwa maandalizi ya miji jirani ikaenda nao. Fueli iliyotumika bado iko palepale, Vernon, ndani ya makasha ya chuma na zege. Fedha ilifungwa kwenye uzalishaji, wakati hatari ilifungwa kwenye ardhi.

PDG: Kwa hiyo unanilinganisha mimi na bomu?

MAMA MTWANGAJI: Baba PDG, kijana hajasema bomu. Amesema tajiri huondoka na shida hubaki. Hilo mimi nalijua bila kusoma fizikia. Natwanga mawe aliyoyaacha mwanaume aliyekwenda Shabunda.

Hapo naingilia kidogo. Mwanafunzi angeweza kuongeza Japani, nami namwongezea. Sheria zao za 1974 ziliipa miji iliyopokea vinu ruzuku nene, na kwa muda mrefu fedha hizo zilijenga kumbi, maktaba na viwanja vya michezo. Machi 2011 kituo cha nyuklia cha Fukushima kilipoharibika, mpango wa dharura ulikuwa umechorwa kwa kilomita 8 hadi 10 tu, na makumi ya wagonjwa wa Hospitali ya Futaba walikufa katika uhamishaji ambao haukuandaliwa. Baada ya hapo mpaka wa maandalizi ukasogezwa hadi kilomita 30. Mji unaweza kulipwa vizuri kwa kuishi na hatari na bado usiwe tayari hata siku moja. Anayedhani asilimia 15 ikifika Kamituga itageuka machela yenyewe, na aangalie ofisi ngapi za Kongo zina viti vya ngozi.

MUUGUZI: Naomba tusizungumze mashimo peke yake. Mji wa dhahabu una hatari nyingine, ya watu wanaokuja na kuondoka. Septemba 2023 tulianza kuona Kamituga wagonjwa wa mpox wenye vidonda visivyofanana na tulivyofundishwa. Ilipochunguzwa, ikawa aina mpya ya kirusi, iliyopewa jina Ib. Ilipita katika baa, vyumba vya kulala wageni, malori. Julai 2024 ilikuwa imefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Chanjo za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba. Hesabuni wenyewe: karibu mwaka mzima.

MWANASHERIA: Lakini fedha zilikuja.

MUUGUZI: Zilikuja baada ya ugonjwa kuvuka mipaka ya watu wenye fedha. Tena zilikuja kwa miradi, na mradi una tarehe ya kufa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, mipango mingi ya afya huku ilitikisika ndani ya wiki moja. Goma waliyaona hayo mapema zaidi. Kituo kinachoangalia volkeno kilikuwa kikiishi kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Ulipoisha 2020, wataalamu walikaa miezi bila hata fedha ya intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikamwaga lava bila watu kuonywa. Sisemi intaneti ingezuia lava. Nasema mfadhili hana ratiba moja na mlima.

MWANASHERIA: Basi tunarudi kwangu. Ni Leta, yaani serikali.

MZEE WA SOMINKI: Leta yupi, mwanangu? Katiba ya 2006 iliahidi kila jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo, na sheria ikataka sehemu ya hiyo ishuke mijini. Imeshuka mara ngapi?

MWANASHERIA: Haijaheshimiwa ipasavyo.

MZEE WA SOMINKI: Na Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Karatasi ya Kamituga iende wapi kugongwa mhuri? Nakumbuka Sange, Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka, likalipuka, watu zaidi ya 230 wakafa. Nakumbuka Kalehe, Mei 2023: mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yalichukua zaidi ya 400. Kila mara wakubwa walikuja na majeneza na magunia ya unga. Fedha ya kuzika haikosekani katika nchi hii. Nashindwa kuiona fedha ya kuzuia.

PDG: Sasa mnakuja kwangu, naona macho yenu. Nawaambia mapema: mimi tayari nalipa. Nalipa huduma ya Leta inayosimamia wachimbaji wadogo, nalipa watu wa madini, nalipa kata, nalipa mwenye ardhi, nalipa wenye silaha wasiotoa risiti. Mkiniongezea mchango wa maafa, nitauficha ule mfuko wa mawe usiku, na dhahabu itavuka mpaka kama inavyovuka. Sijisifu, nawaeleza biashara ilivyo.

MWANAFUNZI: Angalau umesema kweli.

PDG: Tena niambieni, nani atashika fedha hiyo? Meya? Hakuchaguliwa na mtu hapa, aliteuliwa. Akihamishwa kesho nitamdai nani?

Swali hilo la PDG ni zuri kuliko alivyokusudia. Mameya wa miji yetu huteuliwa kutoka juu, na baraza la mji ambalo lingepaswa kupitisha na kukagua bajeti halijapata kuchaguliwa Kamituga. Asiyechaguliwa haogopi kuulizwa. Lakini PDG analitumia swali kama mlango wa kutokea, na Mama Mtwangaji hakumruhusu.

MAMA MTWANGAJI: Wasomi mmezungumza asilimia tangu asubuhi. Mimi nataka kuuliza kitu kimoja. Siku ya mvua, nani anawaambia vijana watoke?

PDG: Kila shimo lina msimamizi wake.

MAMA MTWANGAJI: Msimamizi wako analipwa vipi?

PDG: Kwa sehemu ya mifuko inayotoka.

MAMA MTWANGAJI: Basi siku akisema tokeni, amejinyima chakula. Na kijana akitoka kabla ya kufikia mwamba, deni lake kwako linakua. Wote mnaiona mvua, wote mnanyamaza, kila mmoja kwa sababu ya sufuria yake. Halafu msiba ukija hatujui hata waliokuwa ndani ni wangapi. Tunakaa mlimani tunahesabu kwa vilio: mama fulani analia, kwa hiyo yumo mmoja, mke wa fulani hajalia, labda mumewe alikuwa baa. Mimi king'ora cha Marekani sikihitaji. Nataka mtu mmoja mwenye daftari na filimbi kwenye kila mlima, anayelipwa mshahara ule ule watu wakishuka na wasiposhuka, asiyelipwa na PDG. Akipuliza, watu watoke, na siku hiyo asifukuzwe.

MUUGUZI: Na mbao za kushikilia kuta, mama, na pampu moja ya mji isiyokodishwa.

MAMA MTWANGAJI: Ziongeze. Lakini anza na daftari.

MWANASHERIA: Na fedha yake itoke wapi?

MAMA MTWANGAJI: Itoke pale ambapo dhahabu haiwezi kujificha tena. Shimoni imo ndani ya jiwe. Kwangu ni unga. Lakini kwa mnunuzi ni lazima ipande mizani. Hapo ndipo pa kukata kidogo.

PDG: Mnunuzi atanipunguzia bei.

MAMA MTWANGAJI: Atakupunguzia. Utalalamika. Utaishi.

MWANASHERIA: Mama, kisheria mji hauwezi kujitungia kodi ya madini...

MZEE WA SOMINKI: Isiwe kodi. Iwe mchango wa ushirika, kama tunavyochanga za msiba. Mbona za msiba hatuulizi sheria?

Nawakatisha hapo, kwa sababu wangezunguka hadi jioni na hoja yenyewe imekwisha kutajwa. Mwenye shimo na mwanasheria walikuwa wanabishana juu ya kiasi na mlipaji. Mama amebadilisha swali: fedha ya maandalizi inapitia mkono wa nani kabla haijamfikia mwenye filimbi? Katika hatari ya namna hii, anayemlipa mlinzi ndiye anayeamua kama mlinzi atapiga kelele. Ndiyo maana Wamarekani, pamoja na kuwatoza wenye vinu, hawakuwaachia wao peke yao kuamua lini wananchi waondoke. Uamuzi huo uko kwa mamlaka za majimbo na wilaya. Ndiyo maana pia fedha ya mfadhili haitoshi: inamlipa mlinzi hadi tarehe fulani, halafu inamwachia mlima.

Kuna atakayesema Kamituga dhahabu haihesabiki, kwa hiyo mchango wa mizani ni ndoto. Januari 2023 kampuni ya Primera Gold ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo Bukavu, na mwaka huo mauzo rasmi yakahesabiwa kwa tani, wakati mwaka uliotangulia yalikuwa ya kuhesabiwa kwa kilo. Mimi si shabiki wa mpango ule. Ulimpa mnunuzi mmoja upendeleo mwingi. Lakini ulithibitisha kwamba dhahabu hiyo hiyo iliyosemwa haionekani huonekana mara moja mwenye nguvu akitaka ionekane.

Hukumu yangu, basi. Asilimia 15 ya mrabaha idaiwe, na siku kiwanda kitakapokuja Kamituga sehemu yake iwekwe akiba kuanzia gramu ya kwanza, isisubiri mwaka wa kufunga. Lakini kuisubiri hiyo ndipo tuajiri mtu wa daftari ni kuwaambia wachimbaji wa leo wafe kwa niaba ya wa kesho. Kwa sasa mchango ukatwe kwenye mizani za wanunuzi, uwe mdogo kiasi kwamba kuukwepa kunagharimu kuliko kuulipa, ukae katika akaunti yenye saini tatu: ya hospitali kuu, ya ushirika wa wachimbaji, na ya akina mama watwangaji. Ofisi ya meya ipewe hesabu, isipewe ufunguo. Matumizi ya kwanza yawe matatu tu: daftari na filimbi kwa kila mlima, pampu na mbao za mji, chumba cha kutenga wagonjwa kilicho tayari kabla ya mgonjwa. Kila mwezi hesabu isomwe redioni kwa Kirega na Kiswahili.

Na serikali kuu ina deni lake ambalo halihitaji fedha hata kidogo: kutenga eneo halali la uchimbaji mdogo Kamituga. PDG yule ana kasoro zake, lakini hapo ana haki. Huwezi kumdai mtu usalama wa nyumba ambayo umemwambia si yake.

Mvua kubwa za Kivu Kusini hurudi kila Septemba. Anayepinga pendekezo hili ana haki ya kulipinga, ila aje na lake, nalo litaje mambo mawili: fedha itatoka wapi, na siku ya mvua nani atapuliza filimbi bila kupoteza mshahara.